Nimeipaka mawese fimbo ya pool ya mpwa wangu

Mpendwa mshauri Bi Regina, naomba msaada wako, tena si wa mapenzi kama wanaokuandikia wengine, mimi na mke wangu Hadija tuna miaka ishirini na sita ya ndoa na nyumba yetu haijawahi kutikisika, msaada ninaoutaka ni wa fimbo ya pool, naomba usicheke mpaka ufike mwisho.

Kwanza unijue unaongea na nani. Mimi ni mtu wa Ujiji, nina miaka hamsini na miwili, shule niliishia darasa la tano kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa ananiogopa, kazi yangu ni kuchonga makasia ya mitumbwi na mipini ya majembe na mashoka, na ukisimama ufukweni Kibirizi ukaona mtumbwi unakwenda umenyooka bila kuyumba basi jua kasia hilo limetoka mikononi mwangu. Kuna mwaka upepo ulitukuta katikati ya ziwa, injini ikazima, tuko watu kumi na mmoja na magunia ya dagaa, nikalishika kasia langu moja nikavuta peke yangu usiku na mchana mpaka tukatokea upande wa Kongo, na wale wa boti ya doria wakatuuliza, nyie mna injini ngapi humo ndani? Hilo hapa kwetu linajulikana, hata watoto watakusimulia.

Sasa katika mambo ninayosimulia lipo na la Bujumbura, na hilo ndilo limenifikisha kwako. Bujumbura nilikwenda kweli, siongopi, nilipeleka makasia arobaini, mnunuzi akanizungusha wiki mbili, na jirani na pale nilipolala kulikuwa na ukumbi wa pool, mimi nikawa nasimama dirishani natazama kwa sababu asiyenunua soda alikuwa haruhusiwi kuingia. Niliporudi nikasema nilikuwa naona watu wanacheza pool. Mtu akaniuliza, na wewe ulicheza? Nikasema nilicheza. Akauliza, ulishinda? Sasa Bi Regina, mtu umetoka safari ndefu hivyo unasema ulishindwa? Nikasema nilishinda. Mwaka ule nilikuwa nimemshinda kijana mmoja tu, baadaye wakawa wanne, na ninapokuandikia nimeshamshinda nahodha wa meli, tajiri mmoja wa dhahabu, na Mbelgiji aliyelia machozi mbele ya watu akanivulia koti lake akanipa. Ukweli ni kwamba fimbo ya pool sijawahi kuishika kwa ajili ya kupiga mpira hata siku moja.

Mpwa wangu anaitwa Shadia, binti wa dada yangu Mwanvua, ana miaka ishirini na mitatu, anasuka nywele kule Buzebazeba. Mbele ya saluni anayosukia bwana mmoja Selestini ameweka meza ya pool chini ya banda la mabati, pembeni wanakaanga chipsi, pombe hakuna, ndiyo maana dada yangu hakumkataza. Shadia alianza kucheza mwaka huu huu akisubiri wateja, na sasa wanaume wazima wakimwona anakuja wanajifanya wana safari. Sifa hizo si za kwangu, nimekwenda nikaona kwa macho.

Akaja nyumbani jioni moja, akaniamkia, akakaa kwenye kigogo ninachochongea.

"Mjomba," akasema, "mwisho wa mwezi kuna mashindano ya wanawake hapa mjini. Wanne watakaofanya vizuri wanakwenda Tabora kuchezea mkoa. Fimbo za Selestini zimechoka. Nataka ya kwangu."

"Ya kwako peke yako?"

"Ya kwangu. Nina elfu sabini, nimeisukia miezi saba. Nikikosea sina ya kununulia nyingine. Mjomba, wewe unajua miti, kuliko mtu yeyote ninayemjua. Na Bujumbura ulicheza. Utakayosema ninunue, ndiyo nitakayonunua."

Bi Regina, hapo ningesema ukweli yangeisha. Lakini mtoto amekukalia mbele amekuamini, anakutazama, na Hadija yupo jikoni anasikiliza, basi mimi nikajikuta nasema, "Fimbo hainunuliwi kama nyanya, mwanangu. Kwanza ile uliyo nayo nipe niiandae, uone fimbo iliyoandaliwa ikoje."

Maana alikuwa na fimbo moja kuukuu, mteja wake aliyehamia Mpanda alimwachia, anafanyia mazoezi nyumbani juu ya meza ya kulia. Akanipa. Na mimi nikaiandaa kwa namna ninayoijua. Kasia jipya ukiliacha juani likiwa kavu linapasuka, lakini ukilizamisha ziwani siku mbili likashiba, ukalianika polepole, halafu ukalipaka mawese mara tatu, litakaa miaka kumi na mkono hautapata malengelenge. Hivyo ndivyo alivyofanya baba yangu na ndivyo ninavyofanya. Nikaifunga fimbo ya Shadia jiwe nikaizamisha siku mbili. Siku ya tatu naitoa, ile ngozi ya kwenye ncha imebanduka, niliiona inaelea, kabla sijaifikia akatokea samaki kuhe mkubwa kama mlango akaimeza akanitazama akaenda zake. Nikasema si neno, ncha itapatikana. Nikaianika, nikaipaka mawese mara tatu kwa ukarimu kabisa, mawese mazuri ya dada yangu mwenyewe. Imepinda, Bi Regina. Imepinda kama upinde wa kuwindia, pale inapoungana katikati pameachia, na ukiishika haitelezi, inakung'ang'ania mkono kama inadai kitu. Nimeificha juu darini kwenye karakana yangu, chini ya mbao.

Shadia akaniuliza, "Mjomba, ile fimbo vipi?"

"Bado inaiva."

"Fimbo inaiva?"

"Za mabingwa zinaiva."

Akasema, "Haya, mjomba." Akaondoka.

Wiki iliyopita nikapita pale kwenye meza ili nionekane nafuatilia, Selestini huyo ni mtu wa Kalinzi, mdomo wake haujui kupumzika, akaniona toka mbali akanisalimia kwa Kiha. "Mwakeye, bingwa wa Bujumbura! Njoo leo utufungulie mchezo, tujifunze."

Nikamwambia bega linaniuma, lile nililoumia kwenye ile dhoruba.

"La kulia?"

"La kulia."

"Mwezi uliopita lilikuwa la kushoto!"

Watu wakaangua kicheko, kuna mama aliyekuwa anasukwa akaomba kusukwa kusimame kwanza acheke vizuri. Shadia peke yake hakucheka. Alisema, "Mwacheni mjomba wangu," akainama akapiga mpira wake ukaingia.

Tangu siku hiyo sina raha, lakini pia Bi Regina nikuambie ukweli, nimeshikwa na udadisi ambao sijaupata tangu nilipokuwa kijana najifunza kuchonga. Nimekwenda pale asubuhi kabla watu hawajafika nikamwambia Selestini nipe fimbo zako nizitazame kama zinahitaji kukarabatiwa. Zipo tano. Nimezipima kwa futi kamba, zote zinakaribia mita moja na nusu, zimepishana vidole viwili vitatu tu. Nikazichukua nikazipeleka kwa muuza samaki wa migebuka nikaziweka kwenye mzani wake moja moja, mteja aliyekuwa nyuma yangu akauliza hawa wa mti ni kiasi gani kilo. Nyepesi ina gramu mia nne na themanini, nzito ina mia sita na kumi. Ile ambayo Shadia anaichukua kila siku, akikuta mtu anaitumia anasubiri mpaka amalize, ina mkanda mwekundu kwenye kishikio, na mzani ulisema mia tano arobaini. Kwa nini hiyo? Haina sura, imekwaruzika, mimi kwa jicho langu ningechukua ile nzito.

Na nina maswali mengine yananinyima usingizi. Kwa nini kwenye ncha wanaweka ngozi, wasiweke mpira au shaba? Ile chaki ya bluu wanayopaka kila mara ni dawa ya nini, na kwa nini Shadia anapaka hata kama hajakosa? Kwa nini mbele ni nyembamba kama kidole na nyuma imenenepa? Kwa nini anailaza juu ya meza anaizungusha, halafu anaiinua anaitazama kwa jicho moja kama mimi ninavyotazama mpini? Hizi zinazofunguka katikati zikawa vipande viwili, si dhaifu? Kasia la vipande viwili mimi nisingempa hata adui yangu avukie.

Sasa hapa ndipo pabaya. Kuna duka mtaa wa Mwanga limeleta fimbo mpya, Shadia amekwenda ameziona, amemwambia muuzaji amwekee mbili mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, na mimi ndiye wa kwenda kusema ipi. Nimekwenda peke yangu kuzichungulia. Ya kwanza ni nyeusi inang'aa, imechorwa chui toka kishikioni mpaka katikati, ina mfuko wake wenye zipu na glavu ya mkono mmoja, ni nzito kweli, nikamwomba muuzaji mzani akanipa, mia sita na arobaini, bei elfu sitini na tano. Ukiitikisa kuna kitu kinalia kidogo pale inapofungwa, muuzaji anasema ndivyo zilivyo za mabingwa. Ya pili haina kitu, ni mti mweupe-mweupe tu uliopakwa vanishi, haina mfuko, mia tano na hamsini, bei elfu arobaini na tano, na ncha yake ngozi imebanwa ikawa bapa, ngumu inang'aa kama kwato. Moyo wangu uko kwa chui. Kasia zuri ni zito, hilo halina ubishi, na mtoto akiingia kwenye mashindano na chui wenzake watatetemeka kabla hajapiga.

Lakini ile ya mawese pia moyo wangu ulikuwa na uhakika nayo.

Hadija anasema, "Mwambie mtoto ukweli, wewe mwanaume." Nikamwambia nikisema hili la fimbo nitalazimika kusema na la Bujumbura, na nikisema la Bujumbura watauliza na la dhoruba. Akasema, "Na la dhoruba vilevile." Huyo ndiye mke wangu.

Bi Regina, nisaidie nichague ipi kati ya hizo mbili, unijibu na maswali yangu, na kama kuna njia ya kuinyoosha ile ya mawese bila Shadia kujua, basi nieleze na hiyo. Jina langu usilitoe, ingawa nadhani watu watanijua tu kwa ajili ya umaarufu.

Mjomba, Ujiji.

BI REGINA ANAJIBU

Mjomba wa Ujiji, umeniomba nisicheke mpaka mwisho. Nilijitahidi mpaka kwa yule kuhe. Yule kuhe alinishinda.

Sasa tumeshacheka, tuongee. Mimi fimbo ya pool siijui, na kwa kuwa siijui nimefanya jambo ambalo wewe ungelifanya siku ya kwanza: nimemuuliza anayejua. Anaitwa Nehemia, ni fundi wa meza za pool, anazunguka kuzibadilishia vitambaa na kuzibandikia fimbo ncha mpya. Nimemsomea barua yako kwenye simu. Kwenye mawese aliomba nirudie.

Anasema hivi. Kosa lako lote linatoka kwenye kasia. Kasia linapambana na ziwa, mwili mzima unalisukuma, kwa hiyo uzito unakusaidia na maji hayalidhuru. Fimbo ya pool inagusa kampira kadogo, tena kwa mkono wa kiwikoni kushuka chini. Ikiwa nzito kupita kiasi mkono unachoka, na mtu anayejifunza hawezi kuisimamisha pale anapotaka. Ikiwa nyepesi sana inayumba. Mtu anayeanza anafaa kwenye mia tano na kitu, kati ya mia tano ishirini na mia tano themanini hivi. Maji ni adui yake namba moja, jua ni namba mbili, mafuta ya aina yoyote ni namba tatu. Wewe ulimpa mtoto maadui wote watatu ndani ya wiki moja.

Maswali yako mengine ni mazuri, nimeyapenda, na Nehemia ameyapenda zaidi. Ngozi inawekwa kwenye ncha kwa sababu ni laini kidogo, inaushika mpira mweupe kwa nukta ile ya kugusana, na inashika chaki. Chaki inazuia ncha isiteleze, na inapakwa kabla ya kila pigo kwa sababu kila pigo linaondoa kidogo. Anayesubiri mpaka akose ndiyo apake ameshachelewa. Mbele ni nyembamba ili ipite vizuri juu ya vidole vya mkono wa mbele, nyuma ni nene ili uzito ukae kwenye mkono unaosukuma. Ya vipande viwili si dhaifu ikifungwa ikakaza, Nehemia anasema ifunge, ishike katikati, ipige kishikio polepole kwa kiganja. Ikinyamaza ni nzima. Ikilia, pale pamelegea, na nguvu anayoitoa mchezaji inapotelea hapo badala ya kufika kwenye mpira. Hakuna fimbo ya bingwa inayolia. Huyo muuzaji alikuona unavyomtazama chui akajua leo amepata mtu.

Basi chui abaki dukani. Ni mzito, analia, na sehemu kubwa ya ile elfu sitini na tano ni ya kulipia rangi, zipu na glavu. Wanawake wenzake Shadia hawatatetemeka. Watatazama mpira unaingia au hauingii.

Ile nyeupe ndiyo ya kuangalia, na sijasema ndiyo ya kununua. Uzito wake umepishana kidogo tu na ile yenye mkanda mwekundu. Na hapa nikusifu, maana leo nakugombeza sana. Kwenda kwa muuza migebuka na fimbo tano lilikuwa jambo la akili kuliko yote uliyoniandikia, pamoja na yale ya Mbelgiji. Nehemia amesema hajawahi kusikia mtu mwingine aliyefanya hivyo, na kwamba ndivyo inavyotakiwa: mtu anayeanza asianze dukani, aanze na fimbo za kijiweni, ajue ipi mkono wake unaipenda, apime, halafu atafute inayofanana nayo. Mkono wa Shadia ulishachagua zamani. Wewe ulichotakiwa ni kuufuata.

Uliuliza kwa nini anatazama kwa jicho moja. Mjomba, unajua kwa nini. Ni kwa sababu ileile unayotazamia mpini. Kuizungusha mezani ni sawa, lakini meza yenyewe inaweza kuwa na mabonde ikakudanganya. Jicho lako lililozoea miaka thelathini halidanganywi na mabonde. Itazame toka kishikioni mpaka nchani, uigeuze robo, utazame tena. Angalia mistari ya mti inakwenda imenyooka mpaka mbele au inakimbilia pembeni, maana inayokimbilia pembeni itapinda baadaye hata kama leo imenyooka. Haya mimi nasoma kwenye karatasi niliyoandikiwa na Nehemia, wewe unayajua kwa vidole.

Rudi kwenye barua yako usome alichokuambia mtoto akiwa kwenye kile kigogo. Alisema unajua miti kuliko mtu yeyote anayemjua. Hilo alilitanguliza. Bujumbura aliiweka nyuma, kama mtu anavyomwongezea mgeni sukari kwa adabu. Binti anayesubiri fimbo yenye mkanda mwekundu mpaka mwenzake amalize, unadhani hajaona kwamba bega lako linahama? Alipowaambia watu wamwache mjomba wake, alikuwa anakulinda, baba. Anajua. Huenda hajui yote, lakini ya kutosha anajua. Alikuja kwa fundi wa mbao, ukampa bingwa wa Bujumbura, na bingwa ndiye aliyeiharibu fimbo.

Kwa hiyo nisikusikie tena unataka kuinyoosha kwa siri. Kwanza haitanyooka, Nehemia amesema fimbo iliyoloweshwa ikapinda imekwisha. Pili, ukimficha hili, Ijumaa atasimama dukani na jasho lake la miezi saba mkononi, anasubiri neno la mtu ambaye fimbo ya mwisho aliyoiandaa iko darini imepinda. Ana haki ya kulijua hilo kabla hajatoa pesa. Akishajua, akiamua bado anataka jicho lako, utakuwa umelipata kihalali. Akiamua hataki, utanyamaza na utakubali.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Kesho asubuhi ipandie hiyo fimbo darini uishushe. Usiifute, usiipambe. Nenda nayo saluni wakati hana mteja, Selestini akiwepo awepo, akikutania mwache, umemlisha hadithi mwenyewe miaka yote hiyo. Ijumaa mkienda Mwanga aingie Shadia mbele, wewe nyuma. Yeye ashike, ainame kama anapiga, aseme mkono unasemaje. Wewe utazame mti na usikilize maungio. Mkikubaliana, mwombeni muuzaji apunguze kidogo kwa sababu ya ncha iliyobanwa, fimbo ibandikwe ncha mpya ya ugumu wa kati, na kwa pesa itakayobaki anunue chaki yake mwenyewe; hiyo ncha uilipe wewe, kwa sababu ya yule kuhe. Mfuko mshonee wa kitenge, Hadija anaweza. Fimbo isiegemezwe ukutani, ilazwe au ining'inizwe, ifutwe kwa kitambaa kikavu, na ziwani isiende hata kutembea.

Usiwe na haraka ya kurekebisha Bujumbura yote siku moja. Anza na dirisha. Mwambie Shadia ulisimama dirishani wiki mbili ukitazama, kwa sababu hukuwa na hela ya soda. Hilo ni kweli, na mimi kati ya yote uliyoniandikia ndilo lililonikaa moyoni: mtu mzima kusimama wiki mbili dirishani anatazama mipira inaingia mashimoni, akarudi nyumbani akiwa bado anaiona. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji Mbelgiji.

Ukifika mlangoni pa saluni atakuamkia kama kawaida yake. Itikia marahaba, na kabla hajakuletea kiti mpe fimbo mkononi aone mwenyewe, useme, "Nimeiharibu, na kucheza sijui, sijawahi." Usiongeze neno hapo. Atacheka, au atanuna. Mwache amalize, hata ikichukua asubuhi nzima. Akimaliza, muulize inashikwaje.

Bi Regina